Nani Hulipia Mahali?

Kiangazi cha Ulaya kikifika, saa za Vienna na saa za Sena, kisiwani Mfangano katika Ziwa Victoria upande wa Kenya, hutofautiana kwa saa moja tu. Kampuni ya mtaa wa Ottakring, Vienna, ikianza kazi saa tatu asubuhi, kisiwani Mfangano ni saa nne. Ikifunga saa kumi na moja jioni, Sena ni saa kumi na mbili na jua linazama upande wa Uganda. Majira ya baridi tofauti huwa saa mbili, si zaidi. Anayewafanyia kazi watu wa California huingia zamu saa moja au saa mbili usiku na kulala majogoo wakiwika. Kwa hesabu ya saa peke yake, Ulaya ya kati ingekuwa ndiye mwajiri anayemfaa zaidi kijana wa Mfangano aliye na kompyuta na ujuzi.

Hoja hii imekuwa ikitajwa kila panapozinduliwa mradi wa kazi za mtandaoni: kwamba umbali umekufa, kwamba mtu aweza kukaa kwao, ale ngege wa ziwa lao, na mshahara umfikie kutoka Vienna, Prague au Berlin. Nimefuatilia kazi za aina hii kwa muda mrefu na naona kuna jambo linalorukwa. Kazi ya mtandaoni haifuti mahali. Inahamisha gharama ya mahali kutoka mfuko wa mwajiri kwenda mfuko wa mwingine, na tofauti kati ya mtaa wa Vienna na kisiwa cha Mfangano ni huyo mwingine ni nani.

Ofisi ya kawaida ni rundo la bili ambazo mfanyakazi hazioni: kodi ya jengo, umeme, maji, intaneti, mlinzi, fundi wa kompyuta, jenereta, choo, hata chai ya saa nne. Mwajiri anapomwambia mtu afanyie kazi nyumbani, bili hizo hazifi. Zinatafuta mlipaji mpya.

Ottakring, mtaa wa kumi na sita wa Vienna, ni mtaa wa watu wa kipato cha kawaida, si wa matajiri. Sehemu kubwa ya wakazi wake wana asili ya Uturuki na nchi za Balkani, na soko lake la Brunnenmarkt hunadi nyanya na jibini barabarani kwa lugha tano. Mtu anayefanya kazi ya kompyuta kutoka chumbani mwake huko hulipia kidogo sana cha mahali pake, kwa sababu mji ulishalipa zamani. Maji ya bomba lake hutoka milimani Alps kwa mifereji, wa kwanza ukiwa umefunguliwa mwaka 1873. Huenda anapanga nyumba ya manispaa: Vienna inamiliki takriban nyumba 220,000 za kupangisha, na ndani ya Ottakring kwenyewe ipo Sandleitenhof, iliyojengwa miaka ya 1920, yenye nyumba zaidi ya 1,500. Kwa zaidi ya miaka kumi kuanzia 2012, tiketi ya mwaka mzima ya tramu, basi na treni ya chini ilikuwa euro 365. Akichoka na kuta za chumba chake, hupanda treni ya U6 hadi maktaba kuu ya mji, akaketi na kutumia intaneti bila kuulizwa ananunua nini. Kompyuta ikiharibika, fundi yuko umbali wa kutembea.

Kwa hiyo mwajiri wa Vienna anapopunguza ofisi, gharama inadondokea kwenye mtandao wa mambo ya umma yaliyojengwa kwa karne moja na nusu ya kodi. Mfanyakazi anaguswa kidogo tu: bili ya umeme inapanda, kiti kinamuumiza mgongo.

Sasa vuka ziwa hadi Mfangano. Tuseme kuna kijana wa Sena anayehariri picha za maduka ya mtandaoni ya Ulaya. Umeme wa Kenya Power upo kisiwani, lakini hautoki kwenye gridi ya taifa. Unazalishwa palepale kwa mtambo wa dizeli, na dizeli yenyewe husafiri majini. Mtambo ukizimika, hakuna laini nyingine ya kuegemea, kwa hiyo mtu mwenye tarehe ya kukabidhi kazi hununua paneli, betri na inveta zake mwenyewe. Intaneti ya simu inategemea uko upande gani wa Mlima Kwitutu, unaosimama katikati ya kisiwa na kuyazuia mawimbi ya minara. Tangu Julai 2023 Starlink imekuwa ikiuzwa Kenya, na dishi lake halijali mlima. Lakini mwanzoni kifaa kiliuzwa karibu shilingi 89,000, na hata bei iliposhuka, malipo ya kila mwezi yalibaki kuwa pesa za mtu mwenye kazi tayari, si za anayeitafuta. Maji ya kunywa ni ya kuchemsha au kutibu, maana ziwa lina kichocho. Na usiku, mwanga wa skrini huwavuta wadudu wa ziwa kwa maelfu, wanaingia kwenye kibodi na kwenye kikombe. Unafunga dirisha, unabaki na joto la bati.

Kompyuta ikigoma, safari inaanza. Boti ya kwenda mji wa Mbita, bara, huchukua zaidi ya saa moja, na mtu mwenye busara huvuka asubuhi ziwa likiwa limetulia, kwani mchana upepo huamka na mawimbi nayo. Kompyuta mpakato hukaa mapajani ikiwa imefungwa kwa turubai, juu ya magunia, kando ya kreti za soda na kuku waliofungwa miguu. Fundi wa Mbita akikosa kipuri, ni Homa Bay. Akikosa, ni Kisumu. Mteja wa Ulaya haoni lolote kati ya haya. Anachoona ni ujumbe usiojibiwa kwa siku mbili, na nyota tano zinakuwa tatu.

Ipo gharama nyingine isiyoandikwa kwenye daftari lolote. Ofisi, pamoja na ubaya wake wote, ni ushahidi mbele ya jamaa kwamba una kazi. Aliyekaa nyumbani anaonekana amekaa. Shangazi anapita uani, anamkuta kijana amekodolea macho kompyuta na vidude masikioni, anamwambia, "Nyathina, kwa kuwa leo huendi popote, nipelekee mahindi haya kwa kinu." Na kijana, kwa adabu ya nyumbani kwao, atasema, "Sawa, mama, nakuja," huku mtu wa Vienna akiendelea kuzungumza sikioni. Kuna matanga ambayo huwezi kuyakosa, na muziki wake hausubiri mkutano wako uishe. Walioajiriwa Nairobi wana kisingizio cha umbali. Huyu hana, wala hafai kulaumiwa kwa kutokuwa nacho, kwani jamaa haohao ndio watakaomlea mtoto wake akiwa kwenye zamu na kumpelekea chakula akiwa na homa ya malaria. Ujirani wa Mfangano ni mali halisi. Tatizo ni kwamba unalipwa kwa muda, na muda ndio bidhaa pekee ambayo kijana huyu anauza.

Ukijumlisha, malipo ya euro nane kwa saa, ambayo Nairobi hushangiliwa kuwa ni neema, Sena huanza kupungua kabla hayajafika. Sehemu ni ya betri, sehemu ya dishi, sehemu ya boti, sehemu ya siku zilizopotea. Mwajiri analipa chini ya kiwango cha Vienna akisema maisha ya kisiwani ni nafuu. Chakula na nyumba ni nafuu, kweli. Mahali pa kufanyia kazi si nafuu hata kidogo, kwa sababu mtu mmoja anajenga peke yake kile ambacho Ottakring ilijengewa na wote.

Upande huu wa ziwa umewahi kuiuzia Ulaya kazi yake kwa njia mbalimbali, na kila njia ilikuwa na jibu lake kuhusu nani analipia mahali.

Taasisi ya utafiti wa wadudu, icipe, iliyoanzishwa na Profesa Thomas Odhiambo mwaka 1970, ilijenga kituo chake Mbita, na leo kituo hicho kinaitwa kwa jina lake. Kazi iliyofanyika pale ilikuwa ya kimataifa kabisa. Mbinu ya kuwafukuza na kuwavuta wadudu wanaotoboa mabua ya mahindi, na kulidhibiti gugu la kayongo, ilikuzwa na wanasayansi wa Mbita pamoja na wenzao wa Rothamsted, Uingereza. Lakini taasisi haikumwambia mtafiti ajitafutie umeme. Ilijenga nyumba, maabara na mifumo ya maji na umeme, na mji ukakua pembeni yake. Mwajiri ndiye aliyelipia mahali.

Biashara ya mbuta ilikwenda kinyume. Minofu ilisafirishwa kwa ndege hadi meza za Ulaya, lakini ufuo ulibaki bila barafu, bila choo, bila maji safi. Mvuvi alibeba kila kitu. Mwaka 1999 Umoja wa Ulaya uliposimamisha uagizaji wa samaki wa ziwa kwa hofu kwamba walikuwa wakivuliwa kwa sumu, uamuzi mmoja wa Brussels ulitosha kuangusha bei kwenye fuo za Kenya, Uganda na Tanzania. Mnunuzi hakuwa ameacha chochote ufukweni cha kumfanya asite.

Nakumbuka mlolongo huo kila ninapotaja Remotasks. Jukwaa hilo la kampuni ya Marekani ya Scale AI liliwapa Wakenya wengi kazi ya kuweka alama kwenye picha na maandishi ili kufundisha mitambo ya akili bandia. Machi 2024 lilifunga shughuli zake Kenya kwa barua pepe. Hakukuwa na kiwanda cha kufungwa, wala mkataba wa kodi wa kuvunjwa, wala jenereta ya kuuza kwa hasara. Mwajiri asiyelipia mahali haachi dhamana, na asiyeacha dhamana huondoka bila kugharimika. Wanaodhani suala la gharama za umeme na intaneti ni dogo mbele ya suala la usalama wa ajira wanayatenganisha mambo ambayo ni mamoja.

Yapo majaribio mawili ya hukuhuku ambayo watunga sera wangeyasoma kwa makini zaidi kuliko wanavyosoma ripoti za washauri. La kwanza linahusu taa. Omena huvuliwa usiku, hasa usiku wa giza, kwa mwanga wa kuwavuta samaki, na kwa miongo mingi mwanga huo ulikuwa karabai iliyokunywa mafuta ya taa na kula sehemu nzuri ya mapato ya mvuvi. Mwaka 2008 Osram, kampuni ya taa iliyokuwa na makao yake Munich, ilifungua Mbita kituo cha kuchajia betri kwa nguvu za jua, kikaitwa Umeme kwa Wote. Mvuvi aliweka dhamana, akachukua taa na betri iliyojaa, akaingia ziwani, asubuhi akarudisha na kulipia chaji tu. Hakuhitaji kumiliki paneli. Baadaye taa za LED za bei rahisi zilijaa madukani na wavuvi wengi wakanunua zao, lakini tazama mpangilio ulivyokuwa: kifaa ghali kilikaa mahali pamoja, kikatumiwa na wengi, na kila mtu akalipia kiasi alichotumia.

La pili lilikuwa Mfangano kwenyewe. Kituo cha Ekialo Kiona, kilichojengwa na shirika la Organic Health Response pamoja na watu wa kisiwa, kiliwasha kompyuta na intaneti kwa nguvu za jua na upepo, na baadaye kikawa na redio ya jamii iliyotangaza pia kwa Kisuba. Uanachama ulikuwa na sharti la aina yake: upime virusi vya Ukimwi kila baada ya miezi sita, nawe utumie kompyuta bila malipo. Homa Bay imekuwa miongoni mwa kaunti zenye maambukizi ya juu kabisa nchini, na waliobuni mpango huo walitambua kwamba vijana wangefuata intaneti hata pale ambapo hawangefuata kliniki. Wengi wanaolisifu jaribio hilo wanalisifu kwa ajili ya afya, na wana haki. Mimi naliona pia kuwa ofisi ya pamoja, iliyokuwapo kisiwani kabla ya Nairobi kujaa ofisi za kukodi meza kwa siku. Umeme wa wote, mtandao wa wote, fundi mmoja, na mlango ambao kijana akiupita hata shangazi anajua yuko kazini.

Serikali imechukua njia mbili ambazo hazikutani. Mpango wa Ajira Digital, ulioanza mwaka 2016, umeegemea mafunzo: vijana wafundishwe namna ya kujiandikisha kwenye majukwaa, kuandika wasifu, kunakili sauti kuwa maandishi. Mafunzo si mabaya, ila cheti hakichaji betri. Kisha Oktoba 2024 ikatangazwa viza ya wafanyakazi wa mbali kutoka nje, kibali cha Daraja N, kwa wageni wanaolipwa na kampuni za ng'ambo na ambao mapato yao ya mwaka yanahesabiwa kwa makumi ya maelfu ya dola. Mgeni wa aina hiyo akifika Mfangano atafanya kama walivyofanya watalii wa miaka ya nyuma waliorushwa kwa ndege kutoka Maasai Mara hadi kambi ya Governors' kisiwani humo kuja kuvua mbuta kwa burudani. Atanunua mahali palipokwisha tengenezwa, pana jenereta na maji yake, na kisiwa kitapata kazi za jikoni na za kuendesha boti. Sioni ubaya, wala sioni mageuzi. Jamhuri ya Cheki nayo ilianzisha mwaka 2023 mpango wa kuwapokea wataalamu wa teknolojia wanaofanya kazi kwa mbali, kwa orodha ya nchi chache zenye utajiri. Kenya haikuwemo. Milango hii hufunguka kuelekea upande mmoja.

Upo pia mpango wa kituo cha kidijitali kwa kila wadi, wadi zote 1,450. Kwenye karatasi huo ndio uliokaribia hoja yangu zaidi, kwani unalipia mahali. Lakini hesabu ya wadi ni ya bara. Wadi ya Kisiwa cha Mfangano haina kisiwa kimoja tu. Ndani yake imo Takawiri, na Remba pia. Kituo kikijengwa Sena, mtu wa Remba anahitaji boti ili aende kazini, na hapo wazo zima la kazi ya mbali limegeuka kichekesho. Kisiwani kipimo cha haki ni dakika za kutembea, na vituo vitatu vidogo vyenye meza nane kila kimoja vingefaa kuliko jengo moja la kukata utepe.

Pesa zinatoka wapi? Hili lina jibu tayari ndani ya bili ya umeme. Kenya Power hutoza bei ileile kwa uniti kisiwani Mfangano na Nairobi, ingawa kuzalisha uniti moja kwa dizeli iliyovushwa ziwa ni ghali mara nyingi zaidi kuliko kuitoa kwenye mvuke wa ardhini wa Olkaria. Tofauti hiyo inabebwa na wateja wote wa nchi, nao hawanung'uniki kwa sababu imegawanywa hadi haionekani. Kwenye mawasiliano tunao Mfuko wa Huduma kwa Wote chini ya Mamlaka ya Mawasiliano, ambao kampuni zenye leseni huuchangia kwa asilimia 0.5 ya mapato yao. Umetumika zaidi kupeleka minara na huduma za simu kwenye kata ndogo zilizoachwa nyuma. Mnara unamletea mtu ishara, ila haumpi meza, wala betri, wala mlango wa kufunga. Tangu 2021 mamlaka hiyohiyo ina utaratibu wa leseni kwa mitandao ya jamii, ya aina ya TunapandaNET inayohudumia Kibera. Kikundi cha ufuo chenye kamati na daftari la michango kinao uzoefu wa kuendesha kitu kama hicho. Vikundi vya usimamizi wa fuo vimekuwa vikikusanya ada na kuamua migogoro ya wavuvi kwa karibu miongo miwili. Ningeanzia hapo kabla ya kwenda kwa kampuni yoyote ya Nairobi.

Vituo hivyo vikisubiriwa, mfanyakazi anaweza kudai haki yake kwa mwajiri, na dai hilo lina msingi hukohuko Ulaya. Austria ilipitisha mwaka 2021 sheria ya kazi za nyumbani inayomtaka mwajiri atoe vifaa vya kidijitali vinavyohitajika au amfidie mfanyakazi anayetumia vyake, na kuanzia Januari 2025 imepanuliwa kufika nje ya nyumba, hata kwenye ofisi za pamoja. Mwajiri anaweza pia kulipa hadi euro tatu kwa siku, kwa siku 100 kwa mwaka, bila kutozwa kodi. Sheria hiyo inamlinda mwajiriwa wa Ottakring. Haimlindi kijana wa Sena, kwa kuwa kwenye makaratasi yeye si mwajiriwa. Ni mkandarasi anayejitegemea, anayetuma ankara.

Lakini ankara ni yake kuiandika. Mstari wa kwanza huwa ni saa za kazi. Hakuna kinachomzuia kuongeza wa pili, wa umeme na intaneti, kwa kiwango kilekile ambacho mteja wake wa Vienna anaruhusiwa kumlipa mtu wa jirani: euro tatu kwa siku. Kwa siku 100 ni euro 300, zaidi ya shilingi 40,000. Mhasibu wa kampuni anaujua mstari huo, anaulipa kila mwezi kwa watu wengine. Wapo watakaokataa, na watakaomtafuta asiyeuandika. Ndiyo maana ungeandikwa vizuri zaidi na watu ishirini wanaotumia kituo kimoja, kwenye ankara zenye anwani moja ya Sena, kuliko na mtu mmoja aliyejifungia chumbani na wadudu wa ziwa.